UZI: Miamala 640,000 kutoka Excel hadi kwenye kanzidata, na jinsi Chang'ombe ilivyonikeshesha

#1 Kisima cha Juzi

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita niliahidi kwenye uzi mwingine kwamba kazi ikiisha nitakuja kuelezea. Haijaisha kabisa, ila yaliyonikuta yanatosha kuwasaidia wengine wasipite njia niliyopita mimi.

Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo, jina nalihifadhi, walikuwa wanatunza kila kitu kwenye Excel tangu 2014. Kitabu kimoja kwa kila mwaka, na kingine cha orodha ya wanachama. Wanachama 9,300 hivi, miamala kama 640,000. Wametengenezewa mfumo mpya unaotumia PostgreSQL (programu ya kanzidata, yaani ghala la data lenye majedwali), seva imekodiwa Frankfurt. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuhamisha data ya zamani iingie kwenye mfumo mpya. Nikasema hiyo ni kazi ya wikiendi. Nilikuwa najidanganya.

Jaribio la kwanza nililifanya kama nilivyofundishwa na kaka mmoja zamani ofisini. Unafungua Excel, pembeni ya data unaandika fomula inayounganisha maneno, mpaka kila mstari unakuwa amri kamili ya INSERT, yaani ya kuingiza mstari kwenye jedwali. Unaburuta fomula hadi chini, unakopi, unabandika kwenye psql, dirisha la kuandikia amri za PostgreSQL. Nilianza na wanachama. Ikaenda vizuri hadi ilipofika kwa mama mmoja anayekaa Chang'ombe.

Mnaona tatizo? SQL, lugha ya amri za kanzidata, inafunga maneno kwa alama ya ritifaa ('). Ikikuta 'Chang'ombe' inasoma 'Chang', inadhani neno limeisha, halafu inakutana na ombe na haijui ni mdudu gani. Kuanzia hapo psql inasubiri ritifaa ya kufungia, na amri zote zinazofuata zinamezwa kama sehemu ya neno moja refu. Nikarekebisha kwa mkono. Ikafika Mang'ula. Nikarekebisha. Ikafika Wanging'ombe, halafu wakaanza kumiminika wanachama wenye majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w. Hapo nikafunga kompyuta nikaenda kula. Yaani lugha yetu yenyewe ndiyo inavunja fomula. Waliobuni njia hii hawakuwahi kuandika neno ng'ombe.

Jaribio la pili nikaandika skripti ya Python. Inasoma mstari, inatuma INSERT kwa vigezo (data inakwenda kando ya amri, kwa hiyo ritifaa haisumbui), inafunga kwa COMMIT, yaani amri ya kuthibitisha, inakwenda mstari unaofuata. Wanachama waliingia kwa saa moja na kidogo, nikaona poa. Nikaiwasha kwa miamala saa nne usiku, nikalala. Saa kumi na mbili asubuhi nakuta imeingiza mistari elfu sitini na nne. Asilimia kumi!

Nikapiga hesabu. Kutoka hapa hadi Frankfurt na kurudi ni kama milisekunde 150. Kila mstari unafanya safari tatu: BEGIN, INSERT, COMMIT. Hiyo ni milisekunde 450 kwa mstari mmoja. Zidisha kwa 640,000 unapata sekunde 288,000, ambazo ni saa 80. Siku tatu na saa nane, bila umeme kukatika wala bando kuisha. Na seva yenyewe muda wote huo imekaa tu, inasubiri barua. Ni kama unahamia nyumba mpya halafu unabeba kijiko kimoja kimoja kwa daladala.

Jaribio la tatu ndilo lililonileta hapa. PostgreSQL ina amri ya COPY. Haitumi amri moja kwa kila mstari. Inafungua mfereji mmoja, faili zima linamiminwa humo, na mwishoni muamala mmoja unafungwa. (Muamala wa kanzidata, siyo wa chama. Haya maneno yatanichanganya hadi mwisho wa uzi.) Hakuna ritifaa ya kuogopa, kwa sababu kilichomo kwenye faili hakisomwi kama SQL. Ni data tu. Kwenye CSV (faili la maandishi tu, kolamu zimetenganishwa kwa mkato) alama ya kufungia maneno ni funga na fungua semi, na Chang'ombe haina hizo.

Faili langu lilikuwa na ukubwa wa MB 58. Liliingia kwa dakika mbili na kidogo, na karibu muda wote huo ni intaneti yangu ya nyumbani kusukuma MB 58.

Ila haikuingia mara ya kwanza. Nayaweka makosa kwa mfuatano niliokutana nao.

Kwanza iliniambia faili halipo, na mimi nalitazama kwa macho yangu. COPY ikiandikwa peke yake inatafuta faili kwenye seva, yaani Frankfurt, siyo kwenye laptop yako. Hata likiwepo huko, unahitaji ruhusa maalumu. Ukitaka isome kwako, tumia \copy ndani ya psql, yenye mkwaju mbele. Na yote iwe kwenye mstari mmoja. Amri ya \copy haikubali kukatwa katikati.

Pili ikasema: invalid byte sequence for encoding "UTF8": 0x92. Hii ilinichukua nusu siku. 0x92 ni ritifaa iliyopinda, ’, kwa usimbaji wa Windows, yaani namna yake ya kuhifadhi herufi kama namba. Orodha ya wanachama iliandikwa kwenye Word kwanza, na Word ikiona Chang'ombe inaipindisha ile alama ipendeze. Kisha ikabandikwa Excel, Excel ikahifadhi CSV kwa herufi za Windows, wakati kanzidata inasubiri usimbaji mwingine, UTF-8. Dawa ni neno moja:

```
\copy wanachama FROM 'wanachama.csv' WITH (FORMAT csv, HEADER true, ENCODING 'WIN1252')
```

Tatu, kiasi. Makarani wa chama wameandika 50,000/= na 50,000.00 na Tsh 50,000 na 50000, kila mmoja na mkono wake. Kolamu ya namba inakataa zote isipokuwa ya mwisho. Na COPY ukiiacha kama ilivyo haina huruma: mstari mmoja ukigoma, faili zima linarudishwa. Inakutajia namba ya mstari na kolamu, hilo naishukuru, lakini inakutajia mmoja tu. Unaurekebisha, unaanza upya, unaletewa mwingine.

Baada ya kurudia mara kumi na moja nikaacha kuisafisha data kwenye Excel. Nikatengeneza jedwali la mapokezi. Kolamu zake zote ni text, hakuna sharti lolote, hakuna ufunguo, hakuna tarehe. Linapokea chochote. Mgonjwa akifika hospitali hapelekwi moja kwa moja chumba cha upasuaji. Anapita mapokezi, anaandikiwa kadi, ndipo anaangaliwa.

```
CREATE TABLE mapokezi (
  na bigserial,
  mwanachama text, tarehe text, kiasi text, maelezo text
);

\copy mapokezi (mwanachama, tarehe, kiasi, maelezo) FROM 'miamala.csv' WITH (FORMAT csv, HEADER true, ENCODING 'WIN1252')

INSERT INTO miamala (mwanachama_id, tarehe, kiasi, maelezo)
SELECT mwanachama::int,
       to_date(tarehe, 'DD/MM/YYYY'),
       nullif(regexp_replace(kiasi, '[^0-9.]', '', 'g'), '')::numeric,
       maelezo
FROM mapokezi;
```

Ile kolamu ya "na" siyo pambo. Inakupa mfuatano wa mistari ilivyokuwa kwenye faili, ili mtu akiuliza "hii umeitoa wapi" uweze kumwonyesha.

Tarehe niliitaja kwa mpangilio wake makusudi. Sisi tunaandika siku kwanza. Seva nyingi zimewekwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. 25/04/2021 itagoma na utajua. 03/04/2021 haitagoma, itaingia kimya kimya kama Machi 4. Kosa linalopiga kelele ni rafiki yako.

Karibuni wataalamu, mniongezee na mnikosoe. Jumatatu nakabidhi.

#2 Mla Mihogo

Ngoja nikae siti ya mbele, wenye maarifa yao waje.

#3 Mpita Njia 77

Mkuu, yote hayo ya nini? pgAdmin, ile programu ya PostgreSQL yenye vitufe, ina kitufe cha Import, unabonyeza, unachagua faili, imeisha hiyo.

#4 Kisima cha Juzi

#3 ndugu yangu, kile kitufe nyuma yake kinaendesha \copy hiyo hiyo. Ukikibonyeza juu ya jedwali la mapokezi sina ugomvi na wewe. Ukikibonyeza juu ya jedwali halisi utakutana na 50,000/= kama nilivyokutana nayo.

#5 Pwani Ndiko

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mifumo mingi niliyoishika ni ya MySQL, programu nyingine ya kanzidata, basi wacha niongeze upande huo maana wengi watafika hapa wakiitafuta.

Amri yake ni LOAD DATA INFILE. Maelezo rasmi ya MySQL yenyewe yanasema kwa kawaida ni mara 20 kwa kasi kuliko INSERT. Mlango wake una kufuli mbili. Faili likiwa kwenye seva, lazima liwe ndani ya folda iliyotajwa na secure_file_priv, la sivyo unapata kosa namba 1290. Likiwa kwako, unatumia LOAD DATA LOCAL INFILE, lakini kuanzia MySQL 8.0 local_infile imefungwa kwenye seva mpaka mtu aifungue. Na ifunguliwe pande zote mbili, seva na upande wako. Nimeona watu wakifungua mmoja na kulia siku nzima.

Sasa hatari. Ukiweka lile neno LOCAL, makosa ya data yanageuka kuwa maonyo tu. Namba iliyoharibika inaingia kama sifuri au inakatwa, ufunguo uliojirudia unarukwa, na mwisho unaambiwa kazi imekamilika. Wewe unaona "Records: 12000" unafurahi. Angalia neno Warnings pembeni yake, kisha uandike SHOW WARNINGS papo hapo kabla ya amri nyingine. Kisima anailalamikia COPY kwamba haina huruma. Mimi ningeomba ukali huo.

Kitu kizuri cha MySQL ni kwamba unaweza kusafisha njiani: unasoma kolamu kwenye kigezo chenye @ kisha unasema SET tarehe = STR_TO_DATE(@t, '%d/%m/%Y'). Na kama faili limetoka Windows, taja LINES TERMINATED BY '\r\n'. Usipotaja, kolamu ya mwisho inabaki na herufi isiyoonekana mkiani, kisha unatafuta "Likoni" na hupati hata mmoja.

#6 Mhasibu Mstaafu

Vijana hongereni. Mimi si mtu wa kompyuta, nimefanya uhasibu miaka thelathini na moja. Nimesoma hiyo amri yako kwa shida lakini nadhani nimeielewa: unatupa kila kitu isipokuwa tarakimu na nukta. Sivyo?

Basi swali. Hao makarani wako, pesa inayotoka au muamala uliorudishwa walikuwa wanauandikaje? Kwa sababu sisi wahasibu hatuandiki alama ya kutoa. Tunaandika (50,000), ndani ya mabano.

#7 Kisima cha Juzi

Mzee wangu.

Nimesimama kidogo kupata hewa. Nimeangalia. Yapo.

#8 Mla Mihogo

😂😂 Siti ya mbele ina faida zake.

#9 Mhasibu Mstaafu

Usihamaki, ndiyo maana ya mapokezi uliyoyasema, data ya asili bado unayo. Chukua jumla ya kiasi kwenye Excel, chukua jumla kwenye mfumo wako, tafuta tofauti. Tofauti igawe kwa mbili. Ukikuta nusu yake ni sawa na jumla ya yale ya kwenye mabano, basi hilo ndilo kosa lako lote, maana kila kiasi kilichotakiwa kutolewa kimejumlishwa, kikahesabiwa mara mbili. Kama tofauti inagawanyika kwa tisa bila baki, shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, 54 ikawa 45. Tulizikamata hivyo kabla hamjazaliwa.

Na usimkabidhi mtu data bila jumla hizo mbili kwenye karatasi, zimesainiwa.

#10 binti_seva

Mzee shikamoo. Hapo umetufunga wote midomo.

Kisima, nakuongezea mbinu ya mabano. Excel ikiwa kwenye mtindo wa uhasibu inaweka nafasi kabla ya mabano, na sifuri inaandikwa kama kistari. Kwa hiyo:

```
CASE WHEN btrim(kiasi) LIKE '(%' THEN -1 ELSE 1 END
  * nullif(regexp_replace(kiasi, '[^0-9.]', '', 'g'), '')::numeric
```

Usishawishike kuiacha alama ya kutoa kwenye orodha ya herufi zinazobaki, kwa sababu kuna wanaoandika 50,000/- kwa kistari, utaishia na 50000-. Kistari cha sifuri kitakuwa NULL, yaani tupu. Amua mwenyewe kama unataka 0. Na "Tsh." yenye nukta mwishoni je? Nukta yake itabaki, 50,000 itageuka .50000, nusu shilingi! Itafute kwanza:

```
SELECT regexp_replace(kiasi, '[0-9]', '9', 'g') AS umbo, count(*)
FROM mapokezi GROUP BY 1 ORDER BY 2 DESC;
```

Hii ninaipenda kuliko zote. Inageuza kila tarakimu kuwa 9, kisha inakuhesabia maumbo. Badala ya kusoma mistari laki sita unasoma maumbo thelathini au arobaini. Ifanye kwa tarehe, kwa simu, kwa kila kolamu. Dakika kumi za kusoma maumbo zinaokoa wiki.

Mengine kwa kifupi. Watu watakuja kukwambia ufute indeksi kabla ya kupakia, uzime vichochezi, jedwali liwe UNLOGGED, uongeze maintenance_work_mem. Yote ni kweli, na kwa mistari laki sita huhitaji hata moja. Hayo ni ya mamilioni kwa makumi. Unachohitaji ni kuandika ANALYZE miamala ukimaliza, ili kanzidata ijue jedwali limejaa, na VACUUM kwa sababu zile safari kumi na moja zilizogoma ziliacha mistari mfu inayokalia nafasi kwenye diski.

Na intaneti ikiwa ndogo, bana faili njiani:

```
gzip -c miamala.csv | ssh seva "gunzip | psql chama -c \"COPY mapokezi (mwanachama, tarehe, kiasi, maelezo) FROM STDIN WITH (FORMAT csv, HEADER true, ENCODING 'WIN1252')\""
```

CSV za namba na maneno yanayojirudia zinabanika sana.

#11 Mpita Njia 77

Sawa mmenishinda pgAdmin. Lakini pandas, ile maktaba ya Python, je? read_csv halafu to_sql, mistari miwili tu. Nyinyi mnapenda kuteseka.

#12 binti_seva

#11 mistari miwili inayokuharibia simu za wanachama wote, kaka.

read_csv inakisia aina ya kila kolamu. Ikiona 0754 na tarakimu zinazofuata inasema hiyo ni namba, sifuri ya mbele inaondoka. Mbaya zaidi, kama kuna mwanachama hata mmoja asiye na simu, kolamu nzima inageuka kuwa ya desimali na kila simu inapata .0 mkiani. Sasa mtu anakuja na mbinu maarufu ya kuchukua tarakimu tisa za mwisho na kuweka 255 mbele. Ile sifuri ya .0 nayo ni tarakimu! Unachukua tisa za mwisho, tarakimu ya kwanza ya kweli inadondoka, sifuri inaingia mkiani, jumla bado ni kumi na mbili, ukaguzi wa urefu unapita. Meseji za salio zinakwenda kwa watu wengine.

Ukitumia pandas andika dtype=str. Na to_sql yenyewe, ukiiacha bila maelezo, inarudi kwenye INSERT, siyo COPY.

#13 Buja Moja kwa Moja

Habari zenu, niko Bujumbura. Huku kompyuta nyingi za ofisini zimewekwa Kifaransa, na hilo linabadilisha faili zima. Excel ya Kifaransa haitenganishi kolamu kwa mkato, inatenganisha kwa nukta mkato, kwa sababu mkato wenyewe umeshachukuliwa: ndio desimali. Kumi na mbili na nusu ni 12,5. Elfu hamsini ni 50 000, na ile nafasi ya katikati mara nyingi siyo nafasi ya kawaida, ni ile isiyovunjika, kwa hiyo ukitumia replace kuifuta nafasi ya kawaida haifutiki na unabaki unashangaa.

Ukipokea faili kutoka huku, au kutoka Goma na Bukavu, weka DELIMITER ';' na usitumie amri ya Kisima ya kubakisha nukta, maana 12,5 itakuwa 125. Badili mkato kuwa nukta kwanza. Mimi nilifanya kazi ya shirika lenye ofisi Kigoma na hapa, mafaili mawili ya ripoti ile ile, mkato mmoja una maana mbili. Tuliishia kuweka majedwali mawili ya mapokezi, kila nchi na la kwake.

#14 Kamba ya Katani

Uzi mzuri. Mkuu, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) umezihamisha? Umezitazama?

#15 Kisima cha Juzi

#14 zimo kwenye faili la wanachama, zimeingia kama text. Kwa nini?

#16 Kamba ya Katani

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Aliyeandika kwa vistari, nane, kisha tano, kisha tano, kisha mbili, huyo amepona kwa sababu Excel iliiona kama maneno. Aliyeandika mfululizo bila vistari, zake zimekufa siku ile ile alipobonyeza Enter. Na ukihifadhi CSV inatoka kama 1.98E+19, kwa sababu CSV inaandika kinachoonekana kwenye kioo. Hakuna SQL ya kuzifufua. Ni kurudi kwenye fomu za karatasi.

Jambo jingine. Vitabu hivyo vya 2014 ni .xls au .xlsx? Ya zamani inaishia mstari wa 65,536. Mwaka 2020 huko Uingereza wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye takwimu za taifa kwa sababu matokeo ya maabara yalikuwa yanapitishwa kwenye faili la .xls, mistari iliyozidi ikaachwa nje. Nchi yenye wataalamu wote wale. Sasa wewe una wastani wa mistari 64,000 kwa mwaka, mpakani kabisa.

#17 Kisima cha Juzi

Nimekimbia kuangalia. Mwaka mkubwa kuliko yote una 71,480 na ni .xlsx. Hakuna mwaka wowote unaoishia 65,536. Nimepumua.

NIDA lakini, aisee. Wanachama 2,118 namba zao zinaishia na 00000 au zina E+19. Nimewaandikia chama wazitafute kwenye fomu.

#18 Mla Mihogo

Tukiwa kwenye NIDA: data za watu ziko Frankfurt, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, ina sehemu nzima kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Chama wanajua? Na zile CSV kumi na kitu umezifuta kwenye laptop?

#19 Kisima cha Juzi

#18 kumbe siti ya mbele anakaa mwanasheria. La kwanza nimewaambia, wanalishughulikia na mwanasheria wao. La pili... nafuta baada ya makabidhiano, kabla hapana, mzee amenitisha.

Mrejesho. Tofauti kati ya jumla ya Excel na ya kwangu ilikuwa 3,470,000. Nusu yake ni 1,735,000. Nikajumlisha ya kwenye mabano: mistari 41, jumla 1,735,000 kamili. Mzee, popote ulipo, soda ya leo ni yangu. Nimefuta miamala, nimerudia INSERT kutoka mapokezi kwa CASE ya binti_seva, jumla zimelingana hadi senti. Sikugusa faili wala Excel tena. Ilikuwa sekunde nne.

Idadi ya mistari nayo ilinitia hofu. wc -l, amri ya kuhesabu mistari ya faili, iliniambia faili lina mistari 212 zaidi ya jedwali, nikadhani nimepoteza miamala. Kumbe kuna karani kwenye maelezo alikuwa anabonyeza Alt na Enter ili kushuka chini ndani ya kisanduku kile kile. Kwenye CSV huo ni mstari mpya, lakini uko ndani ya funga na fungua semi, COPY inaelewa, wc haielewi.

Na Chang'ombe, nimehesabu maumbo yake kama nilivyoshauriwa. Ziko tano: yenye ritifaa nyoofu, yenye iliyopinda, yenye kile kialama cha kona ya kibodi, ya herufi kubwa tupu, na ya aliyeona bora aandike Changombe yaishe. Tatu za mwanzo nimeziunganisha hivi:

```
UPDATE wanachama SET mtaa = translate(mtaa, '’‘`´', $$''''$$);
```

Zile dola mbili mbili ni namna nyingine ya kufungia maneno kwenye PostgreSQL, usihangaike kuhesabu ritifaa za kujirudia. Mbili zilizobaki nimezirekebisha kwa mkono.

#20 Pwani Ndiko

Umekabidhi?

#21 Kisima cha Juzi

Nimekabidhi Jumatatu saa tatu. Saa nne na nusu karani ananipigia: mfumo unakataa kusajili mwanachama mpya, unasema duplicate key, wanachama_pkey, yaani namba ya mwanachama imejirudia.

#22 binti_seva

Hukusogeza mfuatano. Umewapakia wanachama na namba zao za zamani, lakini kihesabio cha id bado kiko 1, hakijui kwamba watu 9,300 wameshaingia.

```
SELECT setval(pg_get_serial_sequence('wanachama', 'id'), (SELECT max(id) FROM wanachama));
```

#23 Kisima cha Juzi

Ndiyo hiyo hiyo, imekubali. Yule karani anasema alikuwa amebonyeza "Hifadhi" mara kumi na nne kabla ya kunipigia. Nimetazama kihesabio kabla sijakigusa: kilikuwa 14. Kila jaribio lililogoma lilikisogeza hatua moja. Yaani angevumilia tu akabonyeza mara 9,300 na kitu, lingepita.

#24 Mla Mihogo

Usimwambie. Anaonekana ni mtu wa kujaribu.